Miche ya mizeituni, tini na zabibu katika vitalu vya Nairobi: ipi inafaa pesa yako

Ukifuata Ngong Road kuelekea Karen, au ukishuka Kiambu Road, utakuta mizeituni imepangwa kwenye vyungu kando ya miparachichi iliyobebeshwa, yaani iliyounganishwa juu ya shina la mti mwingine. Mitini ipo, mizabibu ipo, mikomamanga ipo, na maneno ya wauzaji hayatofautiani sana: dunia inazidi kupata joto, mazao ya Mediterania yanahama kwao, na sasa hata mwenye kiploti Rongai au Limuru anaweza kuvuna. Tumeikagua miche hiyo aina kwa aina, tukiangalia afya yake, ukweli wa jina inalouzwa nalo, na kama hali ya hewa ya hapa itairuhusu kuzaa. Mtini na rosimeri ni pesa iliyotumika vizuri. Mzabibu unamlipa mtu mwenye muda wa kuuhudumia. Mkomamanga unategemea uko upande gani wa jiji. Mzeituni ndio ghali kuliko yote, na ndio unaouzwa kwa maelezo mabaya kuliko yote.

Kasoro iko kwenye hoja ya joto. Huko Ulaya, kilichouzuia mzeituni kwenda kaskazini ni baridi inayoua mti wenyewe. Februari 1956 mizeituni ya Provence, kusini mwa Ufaransa, ilikauka kwa wingi, na Januari 1985 ikawa zamu ya Toscana, Italia. Joto likipanda, mpaka huo unasogea. Ndiyo maana mashamba ya mizabibu yanazidi kuongezeka kusini mwa Uingereza, na ndiyo maana Bordeaux, eneo la mvinyo la Ufaransa, mwaka 2021 iliruhusiwa kutumia aina sita mpya za zabibu, zikiwemo Touriga Nacional na Alvarinho ambazo asili yake si huko. Nairobi iko kati ya mita 1,600 na 1,850 juu ya usawa wa bahari, wala hakuna baridi ya hapa inayoweza kuua mzeituni. Shida yetu ni kwamba mzeituni hauchanui bila kupita kipindi cha baridi. Kwa aina nyingi zinahitajika wiki kadhaa mfululizo ambapo usiku unashuka chini ya nyuzi 10 hivi na mchana haupiti sana nyuzi 18 au 20. Julai ya Nairobi kwa kawaida ina usiku wa nyuzi 11 au 12 na mchana wa nyuzi 21 au 22. Tayari tuko pembeni, na kila joto linapoongezeka tunasogea mbali zaidi na maua.

Kwa hiyo mtu aliyenunua mzeituni kwa sababu Nairobi inapata joto amenunua kwa sababu iliyogeuzwa. Mti utamea vizuri, utakuwa na majani mazuri ya kijivu, na unaweza kukaa miaka mingi bila tunda hata moja. Joto hupungua karibu nyuzi 0.6 kwa kila mita 100 unazopanda. Limuru na Tigoni, kwenye mita 2,100 hadi 2,300, zina nafasi nzuri zaidi kuliko Lavington, na Kinangop ina nafasi nzuri zaidi ya hapo. Umande unaoganda usiku kule Kinangop, unaounguza viazi, hauusumbui mzeituni uliokomaa, kwani mti huo huvumilia nyuzi kadhaa chini ya sifuri. Mche mchanga tu ndio unaohitaji kufunikwa kwa gunia miaka miwili ya kwanza.

Ukiwa uko juu ya mita 2,000 na bado unautaka, anza na jani. Kenya ina mzeituni wake wa porini, mutamaiyu kwa Wakikuyu na oloirien kwa Wamaasai, mti ulio katika misitu ya Ngong na Karura. Ni ndugu wa damu wa mzeituni wa Ulaya, kiasi kwamba wataalamu wa mimea huuhesabu kuwa spishi ileile, na miche yake huuzwa kwa bei ya miti ya kawaida ya msitu. Tatizo linakuja unapouzwa kwa bei ya mzeituni wa Ulaya. Geuza jani uangalie mgongo wake. Mzeituni wa Ulaya una mgongo wa rangi ya fedha, mweupe uliofifia, na ncha ya jani imenyooka. Wa porini una mgongo wenye rangi ya dhahabu chafu au kahawia, na ncha yake mara nyingi imejikunja kama ndoana ndogo. Angalia majani ya juu na ya chini ya mche uleule, kwani mche uliobebeshwa juu ya shina la porini unaweza kuchipua chini ya kiungo, na machipukizi hayo yasipoondolewa hushinda sehemu ya juu. Kubebesha mzeituni wa Ulaya juu ya shina la porini si udanganyifu, ni njia halali na inafaa kwa udongo wetu. Udanganyifu ni kuuza la porini tupu kwa jina la Arbequina, aina mojawapo ya mzeituni wa Ulaya.

Muulize muuzaji kama mche umetokana na mbegu, kipandikizi au kubebeshwa. Wa mbegu hauna jina, hata kama kibao kinasema Frantoio, kwa sababu mbegu ya mzeituni haimzai mama yake, na unaweza kungoja miaka 10 kabla ya kujua umenunua nini. Kati ya aina zinazopatikana, Arbequina na Koroneiki ndizo zinazohitaji baridi kidogo zaidi, na ndizo tunazoweza kuzipendekeza. Chukua zote mbili. Zote huweza kujichavusha kwa kiasi fulani, lakini upepo ukipeleka chavua kutoka aina moja hadi nyingine matunda hushika zaidi. Leccino na nyinginezo za baridi ziache Italia.

Baada ya jani, angalia mizizi. Mche wa sentimita 60 hadi 100 wenye shina la unene wa kidole ni bora kuliko mti mkubwa uliokaa kwenye chungu miaka mitano, na bei yake ni sehemu ndogo tu. Mwambie mhudumu autoe kidogo kwenye mfuko. Mizizi inayozunguka chini mara tatu au nne imeshajifunga, na itaendelea kuzunguka hata ukiipanda shambani. Mizizi mizima ina ncha nyeupe au za njano hafifu. Iliyooza ni ya kahawia, na ukiivuta kwa kidole ganda lake linavuka na kubaki uzi katikati. Hapo umefika kwenye kuvu la maji, Phytophthora, ambalo huozesha mizizi na kuua mzeituni. Kitalu kinachokataa kukuonyesha mizizi, ondoka.

Upandaji unategemea udongo wako ni upi, na Nairobi ina mbili kuu. Upande wa magharibi, kuanzia Karen na Kikuyu hadi Limuru, ni udongo mwekundu wa volkano unaopitisha maji vizuri lakini wenye asidi. Mzeituni hupenda pH ya 7 hadi 8. Peleka sampuli ya udongo KALRO Kabete, taasisi ya utafiti wa kilimo pale Waiyaki Way, kabla ya kununua chokaa ya kilimo, kwa sababu kipimo cha chokaa hutegemea majibu na ukizidisha utaleta upungufu wa madini ya chuma, majani yawe ya njano kati ya mishipa. Chimba shimo la sentimita 60 kila upande, changanya udongo na debe moja la samadi iliyoiva, basi. Samadi mbichi au mbolea ya DAP ya kupita kiasi hutoa matawi marefu laini yasiyozaa. Nafasi ya mita 5 hadi 6 inatosha. Usipande mahali palipokuwa na viazi, nyanya au biringanya miaka ya karibuni, maana kuvu la udongoni liitwalo Verticillium hubaki likisubiri, na mzeituni ukishambuliwa hunyauka tawi moja moja bila dawa ya kuuponya.

Upande wa mashariki na kusini, Embakasi, Syokimau, Kitengela, Athi River, ni udongo mweusi wa mfinyanzi. Hapo watu wengi hufanya jambo linaloonekana la busara: wanachimba shimo kubwa, wanamwaga kokoto chini, wanajaza udongo mwekundu walioununua kwa lori. Mvua ikinyesha, maji ya eneo lote yanaingia kwenye shimo hilo na hayatoki, kwa sababu kuta zake ni mfinyanzi. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yalionyesha wazi jambo hilo kwa kila aliyekuwa na miti ya matunda upande ule. Dawa yake ni kupanda juu: tengeneza tuta la sentimita 40 hadi 60 lenye upana wa mita moja na nusu, uchimbe mfereji wa kuondoa maji pembeni, na mche uketi kileleni. Lakini kwa mzeituni upande huo, tuta litauokoa mti tu. Maua hayatakuja, kwani huko ndiko kwenye joto zaidi.

Mzeituni ukishazaa, kuna mdudu anayekusubiri. Nzi wa tunda la mzeituni, Bactrocera oleae, ni mwenyeji wa Afrika na yumo tayari kwenye matunda madogo ya miti ya porini. Nyigu vimelea wanaomla walikusanywa hapa Kenya na kupelekwa California kupambana naye kwenye mashamba ya huko. Maana yake kwako ni mbili: nzi yupo, na adui yake pia yupo, kwa hiyo kupuliza dawa kali kila wiki kutaua yule unayemhitaji. Weka mitego ya chambo yenye protini, okota matunda yaliyoanguka. Usitarajie mafuta ya kupikia: lita moja huhitaji kilo 5 hadi 10 za zeituni na mashine ya kukamulia. Mti mmoja au miwili ni ya kuloweka kwenye maji ya chumvi, gramu 100 kwa lita, ukibadilisha maji kila wiki mpaka uchungu upungue.

Sasa mtini, ambao tungewashauri wengi waanzie hapo. Unahitaji baridi kidogo mno, unazaa Nairobi bila kubembelezwa, na miche yake ni rahisi kwa sababu kipandikizi cha sentimita 20 chenye unene wa penseli hutoa mizizi ndani ya wiki sita hadi nane kwenye mchanga wa mto uliochanganywa na mboji. Kitalu kinachouza mtini kwa bei ya mzeituni kinakuibia. Brown Turkey ndiyo aina ya kuulizia. Hutengeneza tunda bila kuchavushwa. Jihadhari na mche unaouzwa kama Smyrna: aina hiyo humtegemea nyigu mmoja tu, Blastophaga psenes, ambaye hayupo hapa. Usidanganywe kwamba nyigu wa mugumo au wa mkuyu watafanya kazi hiyo. Kila jamii ya miti hiyo ina nyigu wake, naye haingii kwa jirani. Tini za Smyrna zitatokea, zitakua kidogo, kisha zitadondoka zote zikiwa mbichi.

Mtini unafaa hata kwenye pipa lililokatwa, lenye matundu chini, juu ya paa la ghorofa Eastleigh au South B. Kinachouharibu ni kutu: mvua za Aprili na Novemba zikishika, mgongo wa jani unajaa unga wa rangi ya machungwa na mti unapukutika. Punguza matawi ya katikati ili hewa ipite, kusanya majani yote yaliyoanguka uyachome, na usimwagilie juu ya majani. Pia angalia mizizi ya mche kabla ya kununua kama ina vinundu, ambavyo ni dalili ya minyoo fundo, na mche wenye navyo usiuingize shambani kwako kwa bei yoyote. Tunda haliivi likishachumwa, kwa hiyo subiri shingo yake ilegee na lining'inie. Ndege aina ya kuzumburu nao wanajua siku hiyo. Wavu wa matundu madogo si hiari. Vaa glavu ukipogoa, kwani maziwa ya mtini huunguza ngozi ikipigwa na jua.

Mzabibu unawapendeza wanunuzi na unawachosha haraka. Watu hutaja Dodoma, wakisema kama Tanzania wanavuna mara mbili kwa mwaka nasi tunaweza. Dodoma ina msimu mmoja wa mvua na miezi mirefu mikavu. Nairobi ina misimu miwili, na ukungu wa majani hauhitaji zaidi ya hapo. Wakulima wa mizabibu hutumia kipimo rahisi: machipukizi yamefika sentimita 10, mvua ya milimita 10 imenyesha ndani ya siku moja, na joto halishuki chini ya nyuzi 10, basi maambukizi yameanza. Aprili na Novemba masharti hayo yanatimia hapa karibu kila mvua kubwa. Kinga ya kweli ni kuzuia jani lisilowe: funika mstari wa mizabibu kwa karatasi ya nailoni ya kivungulio, pande zikiwa wazi. Dawa za shaba zisaidie, zisitegemewe peke yake.

Kwa kuwa hapa mzabibu haulali, mkulima ndiye anayeulaza. Pukutisha majani kwa mkono, punguza maji wiki mbili au tatu, kisha pogoa. Kuanzia kupogoa hadi kuvuna ni miezi minne hivi, na baridi ya Juni na Julai huweza kuongeza wiki kadhaa. Ukipogoa mwishoni mwa Mei, mvua ndefu zikiwa zinaisha, majani yatakua kwenye ukavu na matunda yataiva Septemba au Oktoba mwanzoni, kabla mvua za vuli hazijashuka. Huo ndio mzunguko tunaouamini. Mashamba makubwa ya nchi za joto huamsha macho, yaani vichipukizi vilivyolala kwenye tawi, kwa dawa ya hidrojeni sayanamidi. Ni sumu kali, na mtu akinywa pombe siku za karibu na kuitumia huugua vibaya, kwa hiyo nyumbani iache.

Kuhusu jina, kibao cha "nyekundu" au "isiyo na mbegu" hakitoshi. Aina isiyo na mbegu inayojulikana zaidi, Thompson Seedless, haizai kwenye macho ya chini ya tawi. Ukiipogoa kwa kubakiza macho mawili, kama fundi wengi wa bustani wanavyofanya, utapata majani tu mwaka hadi mwaka. Inataka tawi refu la macho 10 au zaidi. Kwa nyumbani tungechukua Isabella, ambayo ina mbegu na ganda gumu kidogo lakini inauvumilia ukungu kuliko zabibu za Ulaya.

Mkomamanga tunaupendekeza kwa upande wa Athi River, Machakos na Kajiado, ambako joto linalopanda linamsaidia mkulima kweli. Tunda huchukua miezi mitano hadi saba tangu ua, na Limuru halifikii utamu. Ukiuacha mti ukauke kisha mvua imwagike, maganda yatapasuka, kwa hiyo maji ya matone kwa kipimo kilekile kila wiki ni muhimu kuliko mbolea. Funga kila tunda kwa mfuko wa karatasi likifika ukubwa wa limau ili kuzuia viwavi. Rosimeri haina la kusema sana: nunua mche mmoja, kata vipandikizi, na ndani ya miezi michache una mstari mzima, ilimradi maji yasisimame. Lavenda ichague yenye majani ya meno meno, Lavandula dentata, ambayo huchanua karibu mwaka mzima hapa. Ile ya Uingereza inataka baridi. Mlozi usinunue. Unahitaji mamia ya saa chini ya nyuzi 7, na usiku wa Nairobi haufiki huko ila kwa nadra.

Huduma yenyewe inatofautiana kwa namna ya kueleweka. Vitalu vya kando ya barabara vina bei inayopunguzika na miche inayozunguka haraka, hivyo mizizi yake huwa haijajifunga, lakini majina si ya kuaminika. Vile vikubwa vyenye ukuta na mkahawa ndani vina vibao safi, mhudumu wa kukubebea hadi garini, na bei ya juu. Huko pia usikose kugeuza jani. Wauzaji wa mtandaoni wanaotuma kwa pikipiki wasilipwe kabla ya kutuma picha ya mgongo wa jani na ya mizizi ya mche utakaoletewa, si ya mwingine. Popote uwapo, omba mambo mawili: namba ya usajili wa kitalu kutoka Kurugenzi ya Mazao ya Bustani, na risiti yenye jina kamili la aina, si neno "mzeituni" tupu.

Na mche ukiwa umetoka nje ya nchi, taka kuona karatasi za KEPHIS, shirika la serikali linalokagua afya ya mimea: kibali cha kuingiza na cheti cha afya ya mmea. Wapo wanaotoa vipandikizi kwenye sanduku la nguo baada ya safari ya Italia na kuviuza kama aina adimu. Bakteria Xylella fastidiosa iligunduliwa Apulia, kusini mwa Italia, mwaka 2013 na imeua mamilioni ya mizeituni huko. Haiishii kwenye mzeituni. Inashambulia mzabibu, mlozi, rosimeri na lavenda, na inashambulia kahawa. Kutoka vitalu vya Kiambu Road hadi mibuni ya Kiambu ni mwendo wa dakika chache, na wadudu wafyonzaji wanaoisambaza hawahitaji hata barabara. Kipandikizi kisicho na karatasi kisinunuliwe, na anayekiuza aripotiwe KEPHIS, makao yao yako palepale Karen.